Saa ya mwanafunzi na saa ya mtoto

Shahada ya uzamili huchukua miaka 2. Toa mwaka mmoja wa darasani, toa miezi 3 au 4 ya kusubiri kibali cha kamati ya maadili, toa miezi mingine 3 ya kuandika tasnifu. Muda unaobaki wa kukusanya data hauzidi miezi 6. Mtoto naye ana ratiba yake. Aliyetamka neno la kwanza akikaribia kutimiza mwaka atahitaji kama miaka 2 zaidi hadi mgeni asiyemjua amwelewe vizuri, na hakuna msimamizi wala kalenda ya chuo itakayomharakisha.

Hii ndiyo shida ya msingi ya kusomea saikolojia ya makuzi katika ngazi za juu, na vyuo vingi huizunguka badala ya kuikabili. Namna ya kuizunguka imeshazoeleka. Mwanafunzi huchukua watoto 20 wa miaka 3 na wengine 20 wa miaka 5, huwapima wote ndani ya mwezi mmoja, hukuta tofauti, kisha huandika kwamba uwezo fulani hukua kati ya umri huo na huo. Katika kazi yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyeonekana akikua. Walioonekana ni watu wa makundi mawili, kila mmoja mara moja.

Naamini tasnifu nyingi za fani hii zingebadilika kabisa kama mwanafunzi, kabla ya kugusa nadharia yoyote, angelazimishwa kuandika mistari miwili: mabadiliko ninayoyatafuta huchukua muda gani kutokea, na mimi nina muda gani. Mistari hiyo isipolingana, kinachopaswa kubadilika ni swali.

Mwanasaikolojia K. Warner Schaie alilichambua tatizo hili la kulinganisha makundi ya umri mwaka 1965. Umri, rika (yaani waliozaliwa kipindi kimoja) na kipindi cha upimaji ni mambo matatu yaliyofungamana. Ukijua mtu alizaliwa lini na umempima lini, umri wake umeshajulikana, kwa hiyo data ya siku moja haiwezi kukutenganishia matatu hayo. Mfano uko karibu. Mtafiti aliyepima mwaka 2022 alikuwa na watoto wa miaka 5 waliozaliwa 2017 na wa miaka 3 waliozaliwa 2019. Shule zilipofungwa mwaka 2020, wa kwanza walikuwa katika umri wa kuanza kucheza na wenzao nje ya familia, na wa pili ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kutembea. Tofauti itakayoonekana kati yao katika kusoma sura za watu au kushirikiana michezo inaweza kuwa ya umri, inaweza kuwa ya rika. Takwimu peke yake haitatoa jibu.

Na umri wenyewe hausababishi kitu. Ni kapu tunalobebea mambo mengine: usingizi, msamiati, ndugu aliyezaliwa, shule, ubongo unaokomaa. Mtahini makini akiulizia sababu, jibu la "kwa kuwa ni wakubwa zaidi" halitoshi hata kidogo.

Ipo mbinu inayotosha ndani ya muda wa mwanafunzi. Mahali penye tarehe maalumu ya kuanza darasa la kwanza, watoto waliozaliwa wiki chache kabla ya tarehe hiyo huingia shule, na waliozaliwa wiki chache baada yake husubiri mwaka mzima. Umri wao ni karibu sawa, ila mmoja ana mwaka wa darasani na mwenzake hana. Wapime kumbukumbu au hesabu mwanzoni na mwishoni mwa mwaka huo, nawe utaanza kuona kipi ni kazi ya shule na kipi si kazi yake. Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni wazazi wanaomchelewesha mtoto kwa makusudi au kumwingiza kabla ya wakati, kwa hiyo kila mtoto aliyekiuka tarehe lazima aorodheshwe hata kama hatatumika. La pili ni dirisha pana. Mwanafunzi akikosa watoto wa kutosha ndani ya wiki 6, hujaribiwa kuchukua miezi 4 kila upande, na hapo tofauti ya umri aliyokuwa anaikimbia imerudi kupitia mlango wa nyuma.

Njia ninayoipenda zaidi, na ninayoona inapuuzwa bila sababu, ni ile ambayo mwanasaikolojia Robert Siegler aliitetea kwa miaka mingi: badala ya kumfuata mtoto kwa miaka, msubiri pale ambapo mabadiliko yanakaribia kutokea, kisha mtazame mara nyingi kwa muda mfupi. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 1989, Siegler na Eric Jenkins waliwafuata watoto wachache wa miaka 4 na 5 kwa wiki 11, wakiwapa hesabu ndogo za kujumlisha. Walikuwa wanavizia kitu kimoja. Mtoto akiulizwa mbili na sita, mwanzoni hukunjua vidole viwili akihesabu, hukunjua vingine sita akihesabu, kisha huanza upya na kuvihesabu vyote vinane. Siku moja huanzia kwenye sita moja kwa moja: saba, nane. Hakuna aliyemfundisha.

Kwa kuwa kila swali lilirekodiwa na kila mtoto aliulizwa papo hapo amefanyaje, walijua ni lini hasa njia mpya ilitokea na nini kilifuata. Kilichofuata hakikufanana na ngazi zinazochorwa vitabuni. Mtoto aliigundua njia fupi, akairudia mara moja au mbili, akarudi kwenye vidole vyake, akaigusa tena baada ya siku kadhaa. Wala ugunduzi haukuletwa na kushindwa tu. Ulitokea pia kwenye maswali ambayo mtoto alikuwa akiyapata vizuri. Mtafiti ambaye angewapima watoto hao mwanzoni na mwishoni tu angeandika kwamba walihama kutoka njia moja kwenda nyingine, na angekuwa amekosea kuhusu jambo lenyewe alilokuja kulichunguza.

Kwa mwanafunzi wa uzamili, mpango unaotekelezeka ni watoto 8 hadi 12, vikao 2 au 3 kwa wiki, dakika 10 hadi 15 kila kikao, kwa wiki 8 hadi 10. Kazi yote iko kwenye maandalizi. Lazima uwe na kikao cha mchujo, maana aliyekwisha kugundua njia hiyo hana cha kukuonyesha, na aliye mdogo mno ataondoka wiki ya 10 akiwa vilevile alivyokuja. Lazima pia uwe na kundi dogo la watoto wanaopimwa mwanzoni na mwishoni tu, kwa sababu maswali 200 unayomuuliza mtoto ni mazoezi, na mazoezi hubadilisha. Swali la umefanyaje liulizwe kwa sauti ileile, alipopata na alipokosa. Msaidizi anayeuliza "umefanyaje hapo?" pale tu mtoto anapokosea amemfundisha kwamba swali hilo ni karipio, na kuanzia wiki ya pili mtoto ataanza kubuni majibu ya kumridhisha.

Suala la ni mara ngapi umtazame mtoto lilipewa namba na Karen Adolph na wenzake mwaka 2008. Walikuwa na kumbukumbu za kila siku za stadi 32 za mwili, kama kukaa, kutambaa na kusimama, katika miezi 18 ya kwanza ya watoto. Wakaanza kuziondoa siku kwa makusudi, kana kwamba mtafiti alikuja kila baada ya siku 2, kila wiki, kila mwezi. Kadiri pengo lilivyokua, ndivyo mabadiliko yaliyokuwa ya kupanda na kushuka yalivyoonekana kama ngazi iliyonyooka: jana hawezi, leo anaweza. Pengo lilipozidi siku 7, umbo la mabadiliko liliharibika vibaya. Kwa data hizohizo, mtu mmoja angejenga nadharia ya hatua na mwingine nadharia ya mabadiliko ya polepole, na kilichowatenganisha kingekuwa kalenda zao tu. Ningekuwa na uwezo, kielelezo hicho kingekuwa somo la wiki ya kwanza ya kila programu.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe, ambako wanafunzi hupewa muda mdogo kuliko wanavyostahili. Mtoto wa miezi 6 hawezi kuulizwa, kwa hiyo tunayauliza macho yake. Anakaa mapajani mwa mzazi, sentimita 60 hivi kutoka kwenye skrini, chumba kikiwa na mwanga hafifu. Picha ileile inajirudia. Msaidizi aliye nyuma ya pazia, asiyejua ni picha gani inaonyeshwa, anabonyeza kitufe macho ya mtoto yakiwa kwenye skrini na kukiachia yakitoka. Zamu moja huisha mtoto akitazama kando kwa sekunde 2 mfululizo. Muda wa zamu 3 mfululizo ukishuka hadi nusu ya zamu 3 za kwanza, tunahesabu kwamba ameizoea picha, na picha mpya huletwa. Akiikazia macho kwa muda mrefu zaidi, tunasema ametambua tofauti.

Kila namba katika aya hiyo ni uamuzi wa mtu. Fanya zile sekunde 2 kuwa 1, na mtoto aliyegeuka kidogo kutazama kidole chake atakuwa amemaliza zamu. Weka theluthi mbili mahali pa kigezo cha nusu, na baadhi ya watoto watafika kwenye picha mpya kabla hawajaizoea ya zamani. Hao mara nyingi huipendelea picha ya zamani, na matokeo yako yatageuka kichwa chini. Mzazi naye ni sehemu ya kipimo. Akiona picha ya ajabu, mikono yake hukaza kidogo kiunoni mwa mtoto, na mtoto huinua macho. Ndiyo maana mzazi hufumba macho au huvaa miwani yenye giza, na pale sauti inapotumika huwekewa muziki masikioni.

Kisha kuna wanaolia. Katika tafiti za namna hii si ajabu kupoteza theluthi ya watoto kwa kulia, kusinzia au kujinyonganyonga. Kanuni ya nani aondolewe iandikwe na kusajiliwa kabla ya mtoto wa kwanza kuingia chumbani: alie kwa sekunde ngapi, akose zamu ngapi. Ikiandikwa baada ya matokeo kuonekana, hata mtu mwaminifu kabisa atajikuta anawaona "wasumbufu" wale tu waliotazama upande usiotakiwa.

Video zinaposimbwa, yaani kila sekunde ya macho inapoandikwa, msimbaji wa pili arudie angalau robo yake bila kujua nadharia inatabiri nini. Na hapa kuna kosa linalopita mbele ya wasimamizi kila mwaka. Mwanafunzi huandika kwamba wasimbaji walikubaliana kwa asilimia 82 na kuridhika. Tuseme mtoto anatazama skrini asilimia 90 ya muda. Wasimbaji wawili wanaobahatisha tu, kila mmoja akiandika "anatazama" mara 90 kati ya 100, watakubaliana 0.9 mara 0.9, ambayo ni 0.81, jumlisha 0.1 mara 0.1, ambayo ni 0.01. Hiyo ndiyo 82 yenyewe. Makubaliano yale hayana thamani yoyote. Kipimo cha kapa cha Jacob Cohen hutoa kwanza sehemu ya bahati, na hapa kingetoa sifuri.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi tulichopoteza ni wa Mary Ainsworth, aliyechunguza jinsi mtoto anavyofungamana na mama yake. Alipokuwa Uganda miaka ya 1954 na 1955, alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga kila baada ya wiki 2, saa 2 kwa kila ziara, kwa muda uliofika hadi miezi 9. Baadaye, huko Baltimore, alifuatilia familia nyingine 26 nyumbani katika mwaka wa kwanza wa mtoto, kwa takriban saa 72 kila familia. Ni baada ya saa hizo ndipo kikao cha Hali Ngeni, ambamo mama humwacha mtoto na mgeni kisha hurudi, chenye vipande 8 na kinachochukua kama dakika 20, kilipopata maana: alijua mtoto anayemkwepa mama maabarani huwaje nyumbani. Leo mwanafunzi hufundishwa zile dakika 20 na jedwali la makundi ambamo watoto hupangwa kulingana na wanavyompokea mama anaporudi. Saa 72 zimefutika.

Madhara yake si ya kinadharia tu. Dakika 3 za kuachwa na mgeni hazina uzito uleule kwa kila mtoto. Keiko Takahashi, katika utafiti wake wa Sapporo, Japani, uliochapishwa 1986, alikuta watoto wengi wakilia kwa nguvu na kuwekwa kwenye kundi la wasiotulizika, na hakupata hata mmoja wa kundi la wanaokwepa. Watoto hao hawakuwa wamezoea kuachwa. Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walipokusanya sampuli 32 kutoka nchi 8 mwaka 1988, tofauti ndani ya nchi moja zilizidi zile za kati ya nchi na nchi, kama mara moja na nusu. Anayetaka kutumia kipimo hiki kwenye jamii ambayo hakijazoeleka aanze kwa ziara za nyumbani, hata kama ni familia 10 tu na saa 10 kila moja. Zinawezekana ndani ya muda wa shahada, na zitasema mengi kuliko asilimia za makundi. Jamii za kuanzia hazikosekani: Mark Nielsen na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 3 ya washiriki katika majarida makubwa ya fani hii walitoka Afrika, Asia, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kati na Kusini, kunakoishi kama asilimia 85 ya binadamu.

Kuhusu idadi ya washiriki nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu zinajieleza. Mwaka 2020 mradi wa ManyBabies, unaounganisha maabara nyingi katika jaribio moja, ulichapisha jaribio la kama watoto wachanga hupendelea sauti ya kubembeleza kuliko maongezi ya watu wazima. Maabara 67, watoto 2,329. Walipendelea kweli, ila ukubwa wa athari (tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mtawanyiko wa kawaida) ulikuwa 0.35, kama nusu ya ule uliokuwa umekadiriwa kutokana na machapisho ya awali. Ili kuwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kuikamata athari ya 0.35, kila mtoto akisikia sauti zote mbili, unahitaji watoto 66 hivi. Ukitumia makundi mawili tofauti, karibu 130 kwa kila kundi. Desturi ya tasnifu ni 16 hadi 24. Mwanafunzi mmoja hafiki huko peke yake, na hapaswi kujaribu. Ajiunge na maabara nyingine zinazotumia utaratibu uleule, naye achukue swali lake dogo ndani ya kazi kubwa.

Ama arithi data za waliomtangulia. Hazina ya CHILDES, iliyoanzishwa na Brian MacWhinney na Catherine Snow mwaka 1984, ina maongezi ya watoto yaliyoandikwa neno kwa neno kutoka lugha nyingi, mengine yakimfuata mtoto yuleyule kwa miaka. Databrary huhifadhi video. Mwanafunzi anaweza kumtazama mtoto akikua kwa miaka 3 ndani ya miezi 6 ya kazi, kwa sababu kuna mtu aliyesubiri kabla yake. Kamati zinazokataa tasnifu kwa kuwa mwanafunzi "hakukusanya data mwenyewe" zinawasukuma wanafunzi warudi kwenye watoto 20 na 20.

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, nalo ni dai linalopimika: ubichi huisha lini? Kulijibu kulihitaji mradi wa Bucharest, Romania, wa Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi waligawanywa kwa kura: nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya taasisi. Katika ukuaji wa akili, waliotoka mapema walifaidika zaidi. Mradi ulianza karibu mwaka 2000 na watoto wale waliendelea kupimwa hadi ujana wao. Wapo waliopata uzamivu ndani yake kwa kupima umri mmoja tu wa mfululizo huo.

Kwa hiyo unapomchagua msimamizi, idadi ya machapisho yake iwe swali la tatu. La kwanza: una watoto gani ambao tayari unawafuatilia, na nitawapokea wakiwa na umri gani? La pili: nani atanifundisha kusimba, na nitajulikanaje kwamba nimeiva? Jibu zuri lina kiwango ndani yake, kama vile kufikia kapa ya 0.8 kwenye video za mfano kabla ya kugusa data halisi. Jibu baya ni "utajifunza ukiendelea".

Yako mambo madogo ambayo ni wewe tu unayeweza kuyafanya, siku ya kwanza, kwa ajili ya atakayekufuata. Andika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kupimwa, ili umri uhesabike kwa siku, maana "miaka 3" inaweza kuwa siku 1,096 au 1,459. Kwa mtoto njiti, andika wiki za mimba. Aliyezaliwa wiki ya 32 na sasa ana miezi 6, umri wake uliorekebishwa ni kama miezi 4, na marekebisho hayo hufanywa kwa kawaida hadi afike miaka 2. Na kwenye fomu ya ridhaa weka mstari unaomwomba mzazi ruhusa ya kutafutwa tena, wenye kisanduku chake na sahihi yake, tofauti na ridhaa ya leo. Mstari huo usipokuwepo, video zitabaki kabatini, nambari ya simu itabaki kwenye faili, na mtoto aliyepimwa akiwa na miezi 6 hataweza kupigiwa simu akiwa na miaka 8.